Ajali Haina Kinga, Bali Majeruhi Ana Haki



Tuanze na jambo ambalo kila mkazi wa Mji wa Kale aweza kuliona kwa macho ya moyo bila kuelezwa sana. Fundi yuko juu ya nyumba kongwe katika kichochoro cha Kibokoni, anatengeneza roshani iliyoliwa na mchwa. Ubao unakatika, naye anaanguka mpaka chini kwenye mawe. Yu hai, lakini hahisi miguu yake, na damu inamtoka kichwani. Majirani wanatoka mbio. Vijana wenye nguvu wanamwinua, mmoja kwa mabega na mwengine kwa miguu, kiuno kikining'inia katikati. Kichochoro hakipitishi gari, kwa hivyo anabebwa vivyo hivyo, au analazwa juu ya mkokoteni, mpaka Ndia Kuu, na hapo anatiwa ndani ya tuktuk akiwa amekunjwa kama mkeka.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hakuna msomaji wetu wa kisiwani atakayesema kuwa ni mgeni kwake. Wote waliomsaidia fundi huyu wana imani na huruma. Hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na wema. Hata hivyo, yamkini uti wa mgongo uliokuwa umepata ufa tu sasa umekatika, kwa kuwa hapakuwa na machela mtaani, wala mtu aliyefunzwa namna ya kumwinua aliyevunjika mgongo, wala nambari ya simu ambayo mtu angeipiga akiwa na yakini kwamba gari la wagonjwa litakuja.

Hospitali kuu ya Pwani nzima imo katika kisiwa hiki hiki. Ilianza mwaka 1908 kama hospitali ya wenyeji katika viwanja vya Makadara, ikahamia ilipo sasa mwaka 1957, na hata baada ya kuhama jina liliifuata, ndiyo maana wengi wetu bado twaiita Makadara. Leo jina lake rasmi ni Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani. Kutoka Ngome Kongwe mpaka lango lake ni mwendo mfupi kwa gari. Basi kama mtu wa Mji wa Kale aweza kupoteza miguu yake au uhai wake kabla ya kufika huko, tusilaumu umbali. Kilichokosekana ni utaratibu, na utaratibu hupangwa na watu, kwa fedha za umma, kwa idhini ya wale tuliowachagua.

Tahariri hii ina neno moja la kusema. Haki ya matibabu ya dharura tayari tumeishinda, imo katika Katiba na imo katika sheria. Kinachokosekana ni fungu la fedha lenye jina lake, ambalo kila mwananchi aweza kulitaja, kuliulizia na kulifuata mpaka mlangoni mwa chumba cha majeruhi. Mpaka fungu hilo lipatikane, haki yetu itabaki kuwa maandishi mazuri.

Kumbukumbu zetu wenyewe

Wako watakaosema kwamba ajali ni majaliwa, na kwamba wahenga walikwisha kusema ajali haina kinga. Hatubishani na wahenga. Lakini ajali ikishatokea, yafuatayo baada yake si majaliwa tena. Kati ya mtu kuumia na mtu kufa kuna muda, na muda huo ni milki ya jamii: waweza kutumiwa vyema au kupotezwa.

Sisi wa Mombasa tumefundishwa somo hili kwa gharama kubwa. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa inawaleta watu kazini kisiwani. Ilikuwa imejengwa kuchukua watu 300, nayo ilikuwa imebeba takriban 400. Watu 272 walikufa, tena si mbali na nchi kavu. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, ghasia zikaenea, na maelfu ya watu wakakimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni, wakiwamo waliokatwa na waliochomwa. Tarehe 28 Novemba 2002 bomu lililipuka katika hoteli ya Paradise huko Kikambala. Wakenya 10 na Waisraeli 3 waliuawa, na wengine wengi wakajeruhiwa. Israeli ilileta ndege kuwachukua majeruhi wake. Mkenya aliyeungua siku ile alikuwa na hospitali zake hizi tulizo nazo.

Na Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja dogo huko Likoni, ibada ikiendelea, wakawamiminia risasi waumini. Sita walipoteza maisha. Miongoni mwa majeruhi alikuwamo mtoto mchanga ambaye risasi ilimwingia kichwani, na mamaye aliuawa katika shambulio lilo hilo. Nchi nzima ilimwombea mtoto yule. Alipokewa hapa Mombasa, kisha akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, na huko, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, madaktari wakaitoa risasi naye akaishi. Tulimshukuru Mungu, na bado twamshukuru. Lakini shukrani isitufanye tusahau kuuliza. Mtoto yule alipata ndege kwa kuwa picha yake ilikuwa katika kila gazeti. Je, mtoto wa Mtongwe anayegongwa na bodaboda usiku wa Jumanne, ambaye hakuna gazeti litakalomwandika, naye ana ndege gani? Na kwa nini ukanda mzima wa Pwani, wenye bandari, barabara kuu, reli na feri, umtegemee mpasuaji aliye zaidi ya kilomita 450 kutoka hapa?

Wala tusidhani kwamba majeruhi huletwa na misiba mikubwa peke yake. Kwa miaka ya karibuni barabara za Kenya zimeua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na waliolemazwa ni wengi zaidi kuliko waliokufa. Hawa hawafi siku moja mahali pamoja. Hufa mmoja Mariakani, wawili Mazeras, mmoja Ukunda, na kwa kuwa wanakufa kwa uchache uchache, hakuna bendera inayoshushwa nusu mlingoti.

Sheria imesemaje

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, ambayo kizazi kizima cha wapenda mageuzi kilipigwa marungu na kufungwa kwa ajili yake, yasema katika Ibara ya 43 kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Maneno hayo hayana masharti. Hayakusema "iwapo ana fedha", wala "iwapo ana kadi", wala "iwapo ni mkazi wa kaunti hii".

Bunge likafuata kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Kifungu chake cha 7 kinaeleza matibabu ya dharura ni yapi: ni huduma anayopewa mgonjwa kabla hajafika hospitalini, ni kumtuliza hali yake ili isizidi kuharibika, na ni kupanga apelekwe kwengine endapo kituo alikofika hakina uwezo. Kituo cha afya chenye uwezo kikikataa kufanya hivyo, kimetenda kosa, na faini yake yaweza kufika shilingi milioni 3. Sheria haikuishia kwenye hospitali za serikali, bali inavifunga na vya kibinafsi pia.

Hata hivyo, ni wangapi kati yetu wanaolijua hilo? Ni nani asiyepata kusikia kisa cha mtu aliyefikishwa mlango wa hospitali akivuja damu, na jamaa zake wakaambiwa waweke amana kwanza? Mwezi wa Oktoba 2015, miaka mitano baada ya Katiba kutangazwa, mtu mmoja aliyegongwa na gari alizungushwa ndani ya gari la wagonjwa kwa muda wa saa 18 jijini Nairobi na viungani mwake, akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Alikufa. Nchi ilighadhibika kwa juma moja, kisha ikanyamaza. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wazee, na hapa iliua.

Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyounda mifuko mitatu, na mmojawapo ni mfuko wa dharura na maradhi sugu na mahututi, ambao fedha zake zatakiwa zitengwe na Bunge. Tangu Oktoba 2024 mpango huo ndio uliochukua mahali pa bima ya zamani. Tunaikubali nia yake. Lakini mfuko ni chombo tu, na chombo kitupu hakimnyweshi mtu maji. Hivyo twarudi kwenye swali letu: fedha ziko wapi, na zina jina gani?

Nyumba ya wageni na dinari mbili

Wasomaji wetu wengi ni watu wa kanisa, nao wanaujua mfano wa Msamaria Mwema uliomo katika Injili ya Luka. Mara nyingi huhubiriwa kwa ajili ya huruma ya yule msafiri. Leo twaomba mtazame mtu mwengine katika kisa kile, ambaye hasemi neno hata moja: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimfunga majeruhi vidonda pale pale njiani, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka mahali pa kutunzwa. Na asubuhi yake hakuondoka akimwachia mwenye nyumba pongezi. Alimwachia dinari mbili, na ahadi ya kulipa kilichozidi. Alijua kwamba nyumba ya wageni haiendeshwi kwa huruma ya wapita njia.

Hospitali Kuu ya Pwani ndiyo nyumba yetu ya wageni. Inapokea majeruhi kutoka kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Gari likianguka Maungu, nyumba ikiungua Msambweni, mvuvi akijeruhiwa Malindi, na hali ikiwashinda madaktari wa huko, njia zote zaelekea kisiwani. Na ndivyo ipasavyo kuwa, maana haiwezekani kila kaunti ijenge hospitali ya rufaa ya namna hii. Lakini kwa mujibu wa ugatuzi ulioanza baada ya uchaguzi wa Machi 2013, hospitali hii ni ya Kaunti ya Mombasa. Mombasa ndiyo inayoajiri wauguzi wake, ndiyo inayonunua glavu zake, uzi wa kushonea na hewa ya oksijeni. Watumaji ni sita, mlipaji ni mmoja.

Zamani palikuwa na namna ya kusawazisha mzigo huo. Hazina ya Taifa ilikuwa ikitoa ruzuku maalumu kwa hospitali za daraja la tano, hii yetu ikiwamo, kwa kutambua kwamba zinahudumia watu wa nje ya mipaka ya kaunti zao. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2021/22 ruzuku hiyo ilitiwa ndani ya mgao wa jumla unaogawiwa kaunti zote. Aliyeandika mabadiliko hayo aweza kusema fedha hazikupotea, zimo humo humo. Yawezekana. Lakini fedha zilizokuwa na jina, "hizi ni za hospitali ya rufaa", sasa hazina jina. Na sisi tuliokua katika siasa za nchi hii twajua kwamba fedha isiyo na jina ni kama mtoto aliyeachwa sokoni: kila mtu humwona, na hakuna anayeulizwa habari zake.

Ndiyo sababu twasema kwamba jambo hili si la madaktari peke yao. Ni la siasa kwa maana yake iliyo safi. Ada za hospitali zilipoanzishwa mwezi wa Desemba 1989, nchi ilikuwa chini ya chama kimoja, na hakuna aliyemwuliza mwananchi kama anazo. Zikasitishwa mwaka 1990, zikarejeshwa 1992, na mara zote hizo mlalahoi alikuwa akipokea habari redioni tu. Kifungu cha 2A kilipofutwa mwezi wa Desemba 1991, tuliambiwa kwamba kuanzia siku hiyo mtawala atalazimika kumsikiliza mtawaliwa. Vyama vingi tumevipata. Lakini vyama vingi visivyomwuliza gavana na mbunge juu ya bei ya damu na idadi ya machela vina faida gani kwa mtu aliyelala barabarani Changamwe?

Lawezekana, na karibu na hapa limewezekana

Tusikubali kudanganywa kwamba chumba bora cha dharura ni mambo ya Ulaya. Ndugu zetu wa Dar es Salaam, watu wa pwani hii hii na lugha hii hii, walifungua Idara ya Tiba ya Dharura katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi wa Januari 2010, kwa ushirikiano wa serikali yao na Mfuko wa Abbott. Kabla ya hapo hospitali za umma za Tanzania hazikuwa na idara kamili ya namna hiyo. Na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili kilianza kuwafunza madaktari bingwa wa tiba ya dharura. Hawakutosheka na kununua mashine. Walijenga mahali, wakaandaa watu wa kukaa mahali hapo, na wakahakikisha kwamba wengine watawafuata.

Aidha, mengi yanayookoa maisha si ya gharama ya kutisha. Majeruhi aghalabu huuawa na mambo machache: njia ya hewa kuziba, damu kutoka bila kuzuiwa, pumzi kukosekana mapafu yakiumia, na kuchelewa. Dawa ya haya huanza na vitu ambavyo hospitali ya mkoa yaweza kuwa navyo: muuguzi aliyefunzwa kusimama mlangoni na kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, wala si kwa utangulizi wa kufika, mahali maalumu pa kumhuisha mtu aliye hatarini, penye oksijeni na mashine ya kufyonza, orodha fupi ukutani ya mambo ya kukagua kwa kila majeruhi, ili hata daktari aliyechoka saa tisa ya usiku asisahau, damu iliyo tayari, na chumba cha upasuaji kisichofungwa usiku. Shirika la Afya Duniani limetunga mafunzo na orodha za namna hiyo kwa ajili ya nchi kama yetu, na Mei 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi wanachama ziimarishe huduma za dharura. Kenya yenyewe imeandika sera yake ya huduma za dharura ya mwaka 2020 hadi 2030. Karatasi zimetosha.

Twajua jibu tutakalopewa: serikali haina fedha. Nasi twajibu kwamba bajeti ni ungamo la moyo. Mtu hununua kwanza kile anachokipenda. Twajua pia kwamba wako watakaotazamia wafadhili. Wafadhili tunawashukuru, lakini tuwe na kumbukumbu. Mlipuko wa Nairobi wa tarehe 7 Agosti 1998 uliua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu, na Wakenya wakapanga foleni kutoa damu. Baada ya hapo nchi ikaunda huduma ya taifa ya damu yenye vituo vya mikoa, kimojawapo kikiwa hapa Mombasa, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama ikabebwa na Marekani. Msaada huo ulipokoma mwaka 2019, upungufu wa damu ukaonekana nchini kote. Mgeni alipoondoka, mwenyeji akagundua kwamba hakuwa amejifunza kupika.

Wala tusiwatwike wahudumu lawama zisizo zao. Mgomo wa madaktari wa mwaka 1994, ule wa siku 100 ulioanza Desemba 2016, na ule wa mwaka 2024 uliochukua siku 56, yote iliwaumiza wagonjwa, na hatuwezi kuishangilia. Lakini muuguzi mmoja aliyeachiwa chumba kizima cha majeruhi usiku kucha, bila uzi na bila glavu, naye ni majeruhi wa uongozi ule ule.

Tunayoyadai

Kwanza, twadai kwamba katika bajeti ya Kaunti ya Mombasa huduma za dharura na majeruhi ziwe na fungu lao wenyewe, lililoandikwa kwa jina, na kwamba matumizi yake yabandikwe hadharani kila robo ya mwaka, kwa Kiswahili, katika ubao wa hospitali na katika ofisi za wadi.

Pili, twadai kwamba kaunti sita za Pwani, ambazo tayari zina jumuiya yao ya ushirikiano, zifanye mapatano ya maandishi kuhusu nani atachangia nini kwa ajili ya hospitali ya rufaa, na kwamba Bunge la Taifa na Seneti zirejeshe ruzuku yenye jina kwa hospitali zinazobeba mizigo ya jirani. Atakayemtuma majeruhi kwenye nyumba ya wageni naye aache dinari zake.

Tatu, twadai kwamba kila hospitali ya kisiwa hiki, ya umma na ya kibinafsi, ibandike mlangoni maneno ya Ibara ya 43 na ya kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya, kwa herufi ambazo mama aliyebeba mtoto aweza kuzisoma akiwa mbioni. Na atakayeombwa amana kabla ya kufungwa kidonda ajue mahali pa kupeleka malalamiko.

Nne, Katiba imezipa kaunti jukumu la magari ya wagonjwa. Basi twadai mpango unaokijua kisiwa hiki kilivyo. Kisiwa chetu hufikiwa kwa daraja la Nyali, kwa barabara ya Makupa na kwa feri ya Likoni, na kila msomaji ajua foleni ya kila mahali hapo. Pawe na gari la wagonjwa lililo tayari upande wa Likoni na jengine upande wa kisiwani, ili mgonjwa avushwe bila kungojea gari livuke. Hospitali ya Likoni na ile ya Port Reitz zipewe uwezo wa kumtuliza majeruhi kabla hajaletwa. Na katika Mji wa Kale, ambako gari haliingii, pawe na machela katika kila mtaa, zikiwekwa msikitini, kanisani au dukani, pamoja na vijana waliofunzwa kuzitumia.

Wajibu wetu sisi

Ndugu wapenzi, kudai ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni yetu, nayo ina tarehe zake. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hutakiwa kufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia mwisho wa Februari. Makadirio ya bajeti hufikishwa kufikia tarehe 30 Aprili, na kufikia 30 Juni yawe yamepitishwa. Sheria yataka wananchi washirikishwe. Mikutano hiyo huwa na viti vitupu, au huwa na watu walioletwa kwa nauli kuja kupiga makofi. Twaomba kila parokia, kila ushirika na kila kikundi cha haki kiwachague watu wawili wa kuhudhuria, wenye swali moja lililoandikwa: fungu la dharura ni shilingi ngapi, na la mwaka jana lilitumikaje? Mwakilishi wa wadi asiyeweza kujibu swali hilo akumbushwe kwamba wapigaji kura wake watalikumbuka.

Pia twaomba kila jumuiya iwe na siku zake za kutoa damu, si siku ya msiba tu, kwa kuwa damu haikai chupani milele. Wakristo na Waislamu wa mji huu wamezikana, wamelishana na wamefichana nyakati za ghasia. Damu iliyomo katika jokofu la hospitali haina dini, na aipokeaye haulizi ilitoka msikitini au kanisani. Na vijana wetu wa bodaboda na tuktuk, ambao kwa kweli ndio magari ya wagonjwa ya mji huu kwa sasa, wafunzwe kuikandamiza damu inayotoka, kumlaza ubavu aliyezimia, na kutomkunja aliyeumia mgongo. Mafunzo ya siku moja katika ukumbi wa kanisa yaweza kuokoa miguu ya yule fundi wa Kibokoni.

Wako watu waliokufa na waliofungwa ili Kenya iwe na Katiba hii. Hawakuipigania ili iwekwe kabatini. Walitaka siku moja mtu asiye na jina, asiye na chama na asiye na shilingi mfukoni afikishwe mlango wa hospitali ya umma, akiwa hawezi hata kusema, na mlango huo umfungukie kwa kuwa ni haki yake. Majeruhi hawezi kuhudhuria mkutano wa bajeti. Hawezi kuandamana. Hawezi kuandika barua. Basi sisi tulio wazima tukamsemee, tarehe kwa tarehe na shilingi kwa shilingi, maana kesho hatujui ni nani kati yetu atakayekuwa juu ya mkokoteni.